Kabla hujaposti hiyo picha: nani wa kumuomba ruhusa, nini cha kuficha, na ufanye nini ikiibiwa

Maswali ni yaleyale kila wiki. Picha nimeitoa Google, si ni ya bure? Nimepigwa mimi, si ni yangu? Nikiandika "picha kwa hisani ya mtandao" si inatosha? Shule imeposti mwanangu na sijaulizwa, nifanyeje? Kujibu mmojammoja inboksi imekuwa ngumu, basi naandika yote hapa, na ukiulizwa na mwenzio mtumie asome.

Hii ni ya kwako wewe mwenye peji ya biashara, mwalimu uliyekabidhiwa peji ya shule, mpiga picha wa harusi na sendofu, na hata wewe unayeweka statasi tu. Mifano ni ya Tanzania na Kenya.

Shika jambo moja kwanza, mengine yote yanatoka humo. Picha moja ina watu wawili wa kuombwa ruhusa. Kuna aliyeipiga, huyo ana hakimiliki, na kuna aliyemo ndani, huyo ana faragha yake. Ruhusa ya huyu sio ruhusa ya yule. Ugomvi karibu wote ninaouona unatokea pale mtu anapopata ruhusa moja akadhani kamaliza.

Na hakimiliki haisubiri usajili. Inaanza pale picha inapopigwa, iwe kwa kamera ya milioni au kitochi chenye kamera ya vumbi, ndo Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unavyotaka na Kenya iliingia humo mwaka 1993, Tanzania 1994. Ukisajili kazi zako kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya, unapata ushahidi mzuri siku ya kesi, lakini usiposajili picha bado ni mali yako.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Faili la asili la picha, sio ile iliyopita grupu tatu za WhatsApp ikaja imechakaa
- Google Lens kwenye simu, au tovuti ya TinEye kwenye brauza, za kutafutia picha ilikotoka
- Folda moja ya ruhusa, kwenye simu au kompyuta, humo unaweka skrinshoti ya kila aliyekubali. Usiidharau hii folda, utaona mbele kwanini
- Kama wewe ni mpiga picha: karatasi ya makubaliano, hata ya ukurasa mmoja

Hatua ya 1: Jua nani kaipiga

Kama umeipiga mwenyewe nenda hatua ya 3.

Kama imekujia tu, ifungue kwenye Google Lens au TinEye uone imetokea wapi mara ya kwanza. Usiishie kwenye peji ya kwanza unayoikuta, maana hiyo mara nyingi nayo imekopi, shuka mpaka upate yenye ukubwa zaidi au ya tarehe ya zamani zaidi, hapo ndo utakuta jina la mpiga picha. Ukikosa kabisa mwenyewe, jibu ni moja, usiitumie. Kutomjua mwenye picha hakuifanyi iwe ya bure.

Sasa lile swali la "nimepigwa mimi". Kuwa ndani ya picha hakukupi hakimiliki yake. Sheria ya Kenya inamtaja mwenye kazi kwenye picha kuwa ni yule aliyehusika na kuipanga hiyo picha, yaani aliyeamua ikae vipi. Ila hapohapo Kenya kuna kitu ambacho wapiga picha wengi hawakijui na kinawaumiza: kazi ikiwa ya kuagizwa, yaani mteja kakulipa umpigie harusi, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa mteja, isipokuwa kama mmekubaliana tofauti. Kwahiyo yule mpiga picha anayemgombeza bibi harusi "hizi picha ni zangu" na hana karatasi yoyote, anaweza kukuta sheria iko upande wa bibi harusi.

Dawa yake ni kuandikiana kabla ya kazi, na hii ni kwa nchi yoyote uliyopo. Maneno yanaweza kuwa mafupi tu hivi:

"Hakimiliki ya picha inabaki kwa mpiga picha. Mteja anaruhusiwa kuzitumia nyumbani na kwenye mitandao yake bila kuzifanyia tangazo la biashara. Mpiga picha ataweka kwenye peji yake zile tu ambazo maharusi wamezipitisha."

Wote wawili sahihi, tarehe, kila mtu anabaki na nakala. Angalia hiyo sentensi ya mwisho, ndo inayolinda faragha ya maharusi, usiitoe.

Hatua ya 2: Kama sio yako, omba au tafuta ya bure kweli

Kuomba ni ujumbe mmoja. Sema wewe ni nani, unataka picha ipi, utaiweka wapi, kwa muda gani, na kama ni ya biashara sema ni ya biashara. Akikubali skrinshoti jibu lake, weka kwenye folda. Akikaa kimya, kimya chake sio ndiyo.

Kama huna muda wa kusubiri kuna picha ambazo wenyewe wameshazitolea ruhusa kwa leseni za Creative Commons. Kwenye Google ukishatafuta picha, ingia kwenye zana, kisha haki za matumizi, chagua za Creative Commons. Alafu usiiamini Google peke yake, fungua tovuti yenyewe usome leseni iliyoandikwa pale. Herufi zake maana yake hizi:

- CC0: mwenyewe kaachia haki zote, tumia unavyotaka
- BY: tumia lakini mtaje jina
- NC: usiitumie kibiashara
- ND: usisambaze uliyoibadilisha
- SA: ukiibadilisha, na wewe uitoe kwa leseni hiyohiyo

Zinaungana, kwahiyo BY-NC ni kumtaja jina na pia hakuna biashara. Mwenye duka aangalie sana hiyo NC, na hapa Wikimedia Commons inarahisisha kwasababu haipokei picha ambazo leseni yake inakataza biashara. Kumtaja mtu fanya kamili: jina la picha, jina la mpigaji, ilikotoka na aina ya leseni. "Picha: mtandao" sio kumtaja mtu.

Sasa sikiliza, hapa ndo wengi wanaangukia. Tuseme umepata picha safi ya mama anachota maji kisimani, leseni ni BY, umemtaja mpigaji vizuri kabisa, ukaiweka kwenye tangazo la apu ya mikopo ukaandika "usiteseke tena, kopa leo". Mpiga picha huna deni naye. Yule mama je? Hajawahi kukubali kuwa sura ya mtu mwenye shida ya hela. Leseni ya picha inahusu haki ya mpigaji tu, aliyemo hajasaini chochote. Kwa matangazo tumia picha za vitu na vyakula, au mtu uliyeongea naye mwenyewe.

Hatua ya 3: Waulize waliomo

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kazi Mei 2023 na Tume yake ipo. Sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Na Kenya sheria inasema waziwazi mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu alikubali ni wa yule anayeitumia, sio wa anayelalamika. Ndo maana nikasema folda.

Sio vitisho. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya iliitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja aliyekuja kustarehe bila ridhaa yake. Mteja mmoja tu. Klabu, saluni, jimu na ukumbi vinafanya hivi kila wikiendi.

Ujumbe wa kuomba usiwe wa kisheria, andika kama mtu:

"Habari dada, mimi ndo ninayeshika peji ya saluni. Ile picha tuliyokupiga Jumamosi ukiwa umeshasuka, naomba tuiweke Instagram na Facebook zetu kuonyesha mtindo. Haitaenda kwingine. Ukighairi siku yoyote niambie, naitoa siku hiyohiyo. Unaruhusu?"

Umeona ina vitu vinne: picha ipi, wapi, kwa kazi gani, na njia ya kughairi. Hiyo ya mwisho sio hisani, mtu ana haki ya kuondoa ridhaa yake, na akiiondoa unatoa picha, humuulizi kwanini.

Kwenye shughuli yenye watu mia tatu huwezi kumuuliza kila mtu, naelewa. MC atangaze mwanzoni kwamba kuna picha zinaenda mitandaoni, bandika karatasi mlangoni, tenga upande wa wasiotaka, na mwambie mpiga picha aukwepe. Alafu ukichagua za kuposti acha zile za mtu anatafuna, analia, kalewa au nguo imemkaa vibaya. Kuna wanawake wanavua hijabu ukumbini kwasababu ni shughuli ya wanawake watupu, picha za humo zisitoke humo kabisa, hata kama mwenye shughuli kakuambia poa, yeye hawezi kuwasemea wageni wake.

Picha za familia kwenye akaunti yako binafsi, sheria hizi kwa kawaida hazikufuati huko. Ila shangazi yako akiwa kitandani hospitali na mpira wa oksijeni puani hana nguvu ya kukwambia usimpige, na wewe unamposti "tumuombee". Andika maneno. Dua inafika bila picha.

Hatua ya 4: Watoto, simama hapa

Mtoto hatoi ridhaa, anatoa mzazi au mlezi. Kenya ndivyo sheria inavyotaka, na Tanzania taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Siku zilezile za ile adhabu ya klabu, Roma School ya Uthiru, Kenya, ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi.

Mwalimu, fomu ya kujiunga iwe na kipengele chake cha picha chenye ndiyo na hapana, kisifichwe katikati ya maneno ya ada. Na mzazi akiweka hapana mtoto asitengwe kwenye mahafali, mpige kwa nyuma au mikono yake ikichora. Usiposti jina kamili, darasa na yunifomu yenye nembo kwa pamoja, maana mgeni yeyote hapo anajua mtoto anaitwa nani na saa nane anatokea geti gani.

Hatua ya 5: Kagua kona za picha

Kuza picha, pita kona zote nne na kila kitu kilichoandikwa. Chukua ile picha ya kichanga hospitali, watu wanaangalia sura ya mtoto tu. Mkononi ana utepe wenye jina la mama, mezani kuna kadi ya kliniki iko wazi ina namba ya simu na mtaa, kwenye kioo cha dirisha anaonekana mgonjwa wa kitanda cha pili ananyonyesha. Picha moja, siri za watu wawili.

Vingine vya kutafuta: namba ya gari, kitambulisho cha NIDA, cheti, skrini ya kompyuta nyuma yako, meseji ya M-Pesa yenye jina na namba ya mtu. Boding pasi usiposti kabisa, ile bakodi ina namba ya bukingi yako na mtu akiwa na hiyo pamoja na jina la ukoo anaweza kuingia kwenye safari yako. Viza na pasipoti hivyohivyo, furaha ya kusafiri naielewa, posti begi.

Kuficha, tumia stika nzito au mstatili wa rangi moja unaofunika kabisa. Ile kalamu ya kuhailaiti kwenye simu inapitisha mwanga, mtu akiongeza mng'ao anasoma. Kufifisha kidogo nako hakutoshi kwa namba na maandishi. Na ukikrop, hifadhi kama picha mpya, alafu skrinshoti ile mpya ndo uitume. Machi 2023 iligundulika kwamba kihariri cha simu za Google Pixel kilikuwa kinaacha sehemu iliyokatwa ndani ya faili na mtu anaweza kuirudisha. Wamerekebisha, lakini zilizosambaa kabla ziko hukohuko zilikokwenda.

Hatua ya 6: Toa lokesheni

Simu ikiruhusiwa inaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, karibu na mlango wenyewe, pamoja na saa na aina ya simu. Taarifa hizo zinaitwa EXIF.

1. Fungua setingi za kamera, zima kuhifadhi lokesheni. Picha za mbele zitakuwa safi, za nyuma bado zinayo.
2. Kwa iPhone, unapobonyeza kusheya kuna machaguo juu ya picha, humo zima lokesheni kabla ya kutuma.
3. Kwa kompyuta ya Windows, bonyeza kulia kwenye faili, ingia Properties, kisha Details, chini kabisa kuna sehemu ya kuondoa taarifa binafsi.

WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inazifuta taarifa hizi, ukituma kama dokumenti inaziacha zote. Hilo la pili watu hawalijui, na ndo njia wanayotumia wengi ili picha isipungue ubora. Imeili nayo inaziacha. Kwahiyo mwenye duka la mtandaoni anayepiga bidhaa chumbani kwake kwa simu akamtumia mteja asiyemjua kama dokumenti, kamtumia na ramani ya nyumbani.

Hatua ya 7: Posti, na weka jina lako

Kama ni kazi yako weka jina dogo juu ya picha, sehemu ambayo mtu hawezi kuikata bila kuiharibu picha, sio pembeni kabisa. Posti yenye ukubwa wa kutosha simu tu, faili kubwa baki nalo, maana siku ya ugomvi mwenye faili la asili ndo anayeaminika. Usimteg mtu ambaye hajakubali. Na lile la "uko wapi sasa hivi", posti ukishaondoka.

Makosa ninayoyaona zaidi

Kuandika "sina haki na picha hii" ukadhani umejikinga. Umeandika kwa mkono wako kwamba unajua sio yako.

Kuikrop watamaki ya mtu, yaani lile jina aliloweka juu ya picha yake. Hilo ni baya kuliko kuikopi tu, linaonyesha ulikusudia.

Kuchukua picha kwenye statasi ya rafiki na kuiweka kwenye grupu. Statasi kaweka kwa watu aliowachagua yeye.

Kukubaliwa Instagram ukaenda kuchapisha bango la barabarani. Ruhusa ya mahali pamoja ni ya hapohapo.

Mambo yakiharibika

*Mtu katumia picha yangu kwenye biashara yake.* Usianze kwa matusi kwenye komenti, atafuta na ushahidi utapotea. Skrinshoti kwanza, ionekane linki, jina la akaunti na tarehe. Kisha mwandikie kwa adabu: picha ni yangu, faili la asili ninalo, naomba uitoe au tukubaliane malipo, nakupa siku tatu. Wengi wanatoa hapo au wanalipa. Akigoma jaza fomu ya hakimiliki ya mtandao husika, Facebook, Instagram na TikTok wote wanayo. Kampuni hizi zinafuata utaratibu wa sheria ya Marekani ya 1998 iitwayo DMCA, na huhitaji kuwa Marekani kuutumia. Jaza ukweli mtupu maana unatoa tamko. Kwa tovuti za Kenya kuna utaratibu wa notisi ya kuondoa tangu marekebisho ya 2019. Kama pesa ni kubwa nenda KECOBO au COSOTA ukiwa na faili lako.

*Mimi ndo nimepostiwa bila ridhaa.* Fomu ya hakimiliki hapa sio yako, wewe sio mpigaji, tumia ya faragha. Waandikie waitoe, wakikataa lalamika Kamishna wa Data kwa Kenya, ambako lalamiko linatakiwa kumalizwa ndani ya siku 90, au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa Tanzania. Skrinshoti zako ndo kesi yenyewe.

*Nimepata imeili kwamba nimevunja hakimiliki na akaunti inafungwa ndani ya masaa 24.* Usibonyeze linki. Huu ni utapeli mkubwa sana na peji nyingi za biashara zimeibiwa hivi, unabonyeza, unaandika neno la siri, kwisha. Instagram ina sehemu ndani ya apu yenyewe, kwenye setingi za usalama, inayoonyesha barua walizokutumia kweli. Kama haipo pale, ni mwizi. Kama ipo na kosa ni la kweli, toa picha. Kama picha ni yako na ruhusa unayo, kata rufaa palepale ukiambatanisha ushahidi toka kwenye ile folda.

*Mtu anatishia kusambaza picha zangu za utupu.* Usimlipe, akipokea mara moja anarudi. Usifute mazungumzo. Kama una miaka 18 au zaidi ingia StopNCII.org, unachagua picha kwenye simu yako, mfumo unaitengenezea alama ya kidijitali, alama hiyo ndo inayotumwa kwa Facebook, Instagram, TikTok na wengine ili waizuie, picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Kwa aliye chini ya miaka 18 kuna huduma ya Take It Down inayofanya kazi hivyohivyo. Alafu nenda polisi, Tanzania ukiona aibu kuongea kaunta ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inampa msambazaji faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili, au vyote. Na wewe uliyetumiwa tu kwenye grupu, ukiipeleka grupu lingine unakuwa msambazaji pia. Ifute, na mwambie mwenyewe kwamba ipo ili awahi.